Namba Arobaini

Mikindani hewa yenyewe ni chumvi.
Huna haja ya kuionja. Angalia mabati, angalia bawaba za dirisha,
angalia sufuria iliyolala nje usiku mmoja tu
inavyoamka na vidoti vyeupe, kama shingo yenye mba.
Ndiyo maana mimi silazi chombo nje.
Wakirudisha saa nane za usiku, naamka saa nane za usiku,
naosha, nakausha kwa khanga kuukuu,
nazipanga kifudifudi na karatasi katikati
zisisuguane kama wake wenza.

Nakodisha sufuria, hapa Magengeni.
Harusi, hitima, jando, unyago.
Masharti hayajaandikwa popote, nayasema mlangoni:
usinipikie chidulo humu, wala magadi,
maji ya majivu huacha weusi usiosikia sabuni.
Ukwaju usilale ndani.
Chumvi itie maji yakishachemka,
isije ikatua chini ikaanza kuchimba.
Usiimwagie maji baridi ikiwa bado inafoka, itapinda kiuno.
Na steliwaya, hapana. Nasema tena, hapana.
Ikiungua, chemsha maganda ya ndimu, kaa kitako, ngoja.
Subira huvuta heri, na ukoko pia.

Mama ndiye aliyeanza, na hii moja, namba arobaini,
aliyoinunua kwa korosho za msimu mzima.
Akachukua msumari na jiwe, akaigeuza,
akagonga vidoti kwenye kitako:
S. MKOPI.
Shule hakwenda. Alinakili kutoka kadi ya kliniki,
na ile S ikatoka imegeuka,
imetazama nyuma, kama mtu aliyeitwa njiani.
Kwa S hiyo sufuria yetu haikupotea.
Ilikwenda Naliendele, ikaenda Msimbati,
mara moja ikakaa Kitaya miezi mitatu,
ikarudi kichwani mwa mwanamke nisiyemjua:
"Nimeuliza kila kijiji, nani anaandika hivi?"

Ndani niliing'arisha. Kitako sikukigusa.
Masizi nayo ni nguo.
Tena kila unaposugua unaondoka na kitu:
yale maji ya kijivu yanayochuruzika vidoleni
si uchafu,
ni sufuria.
Watu hawajui. Wanadhani mng'aro unaongezwa.

Jumapili nilikuwa msibani,
na Shamte, mtoto wa dada yangu, akanitakia mema.
Akachota mchanga, akanunua steliwaya kwa hela yake ya maandazi,
akakaa nayo tangu adhuhuri.
Nilimkuta kijivu hadi viwikoni, meno yote nje.
"Mama mkubwa, ona! Hata chini!"

Hata chini.
Nikapitisha kidole gumba.
M nikaihisi. K, nusu yake.
Pale mwanzoni, laini.

Sikumpiga.
Nilimwuliza kama amekula.

Lakini Ijumaa ina harusi ya kina Nachenga,
na sufuria isiyo na jina ni ya mpishi.
Nikampa msumari wa nchi tatu, nikampa nyundo.
Akagonga, ulimi pembeni ya mdomo, darasa la tano:
S iliyonyooka, safi, S ya ubaoni.
Nikaitazama, na ile hasira ambayo haikuja Jumapili
ikapanda yote kwa pamoja.
"Hiyo si yetu. Gonga nyingine hapo kando.
Igeuze."
"Lakini mwalimu..."
"Mwalimu hakodishi sufuria."

Akaigonga. Ilimchukua muda, akikosea
kwa uangalifu.
Nikaleta kuni za mkorosho, zile zenye moshi wa kukera majirani,
nikabandika maji matupu,
nikaiacha ivae.